Baka jekundu la mtoto mchanga si jini

Hapa Mwanza mtoto akipata baka jekundu usoni, kina mama husema limetokana na mimba, au ameguswa na jini. Ndugu zangu Waislamu, hayo ni maradhi ya mishipa midogo ya damu, na aina zake hazifanani.

Lipo linalovimba. Huonekana wiki za mwanzo, hukua upesi kwa miezi mitano hivi, kisha hunywea lenyewe taratibu, kwa miaka. Lakini likiwa karibu na jicho lisingojewe, laweza kumharibia mtoto uoni. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza kuwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo, hulisinyaza. Asiinunue mtu kiholela: hushusha sukari ya mtoto na mapigo ya moyo wake.

Lipo na baka bapa, la tangu kuzaliwa. Hilo halinywei. Tiba yake ni mwanga wa leza unaoziba mishipa bila kupasua ngozi, kwa awamu nyingi, na aghalabu hupauka tu.

Sikatazi kisomo. Ila nimeona makovu ya watoto waliochomwa kwa dawa za miti. Aliye Ukerewe au Sengerema aanzie kituo cha afya, aombe barua ya rufaa ya Bugando, mtoto angali mchanga.