Kuona Habari Bado Si Kujua Ukweli



Machi 2023 ilizagaa mitandaoni picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti kubwa jeupe la kisasa. Wengi waliamini. Kumbe ilitengenezwa kwa akili mnemba! Koti lile halikumdhuru mtu, ila lina somo.

Nikisoma falsafa nilijifunza kwamba kuona ni mwanzo tu. Tunaufikia ukweli pale akili inapopima na kuamua: ndivyo, au sivyo. Kupima kunataka muda. Sasa wewe unafungua simu asubuhi: vita, ajali, mpira, kashfa, vichekesho, vyote ndani ya dakika tano. Akili itapima saa ngapi? Inaishia kuamini inachokipenda, au kilichorudiwa mara nyingi. Tukifanya hivyo wengi, uvumi unageuka kuwa "kila mtu anajua".

Mtakatifu Thoma wa Akwino alitofautisha bidii ya kutafuta maarifa, ambayo ni fadhila, na udadisi usio na kiasi, ambao ni kilema. Mwenye bidii anauliza: nani kasema, lini, aliona mwenyewe? Mdadisi anauliza tu: kuna jipya gani?

Leo ni koti. Kesho ni jirani yako anayesingiziwa wizi. Ukisambaza bila kuhakikisha, unaivunja Amri ya Nane hata kama uongo hukuutunga wewe.

Wiki hii fanya hivi: kabla ya kusambaza, tafuta chanzo cha habari. Usipokipata, habari hiyo iishie kwako.