Somo la Robo Hii: Kushona ni Nusu ya Kazi

Kamati zetu za sharika, Kinyerezi na kwingineko, zimezoea kumsaidia kijana kwa kumpa cherehani. Ni msaada mwema. Lakini mara nyingi tukimtembelea baada ya mwaka, cherehani imefunikwa pembeni. Kushona anajua, mnunuzi hana.

Tuchukue mfano wa sare ya shule. Kitambaa Sh. 9,000, uzi, vifungo na umeme Sh. 1,500, ujira wa fundi Sh. 5,000. Jumla ni Sh. 15,500. Kijana asiyehesabu ujira wake huuza kwa Sh. 14,000 akidhani amepata faida, kumbe amepoteza Sh. 1,500.

Hata viwanda vimeonja jambo hili. Kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilianza mwaka 1968 kwa msaada wa China. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba na vitambaa vya nje vilijaa sokoni, na viwanda vingi vya nguo nchini vikapunguza kazi au kufungwa. Mashine peke yake haikuwaokoa.

Ndiyo maana masoko ya nguo ni elimu ya chuo kikuu. Mwanafunzi hujifunza kutambua ubora wa kitambaa, kukokotoa gharama, kumjua mteja na kusoma misimu. Sare hununuliwa sana Januari, hivyo anayeanza kushona Januari amechelewa. Mwenye elimu huanza Oktoba. Kijana anayependa upande wa kitambaa anaweza kuomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kinachofundisha uhandisi na usanifu wa nguo. Anayependa upande wa kuuza anaweza kusomea masoko Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE).

Lidia wa Thiatira (Mdo. 16:14-15) aliuza vitambaa vya rangi ya zambarau, na nyumba yake ikaweza kuwapokea mitume. Biashara iliyosimama vizuri huihudumia Injili.

Maswali ya kujadili katika kamati:

1. Vijana tuliowapa cherehani wanamuuzia nani, na kwa bei gani?
2. Je, pamoja na cherehani, tunaweza kumsomesha kijana mmoja masoko, naye akirudi akiongoze kikundi kizima?

Wafadhili wetu, ada ya huyo mmoja inaweza kuzifunua cherehani nyingi zilizolala.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi