Mzani umepanda? Hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki

Wakazi wa Rau wanaojitahidi kupunguza uzito huuliza mengi kuhusu tarehe za kurudi kliniki. Mtaalamu wetu wa lishe anajibu.

Nilishapewa karatasi ya mpangilio wa chakula. Kurudi kila mwezi ni kwa nini?

Karatasi haijui kwamba wiki iliyopita ulikuwa msibani Uru, ukala pilau na soda siku tatu mfululizo. Ukija tunayazungumza hayo na kupanga upya. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watu waliokuwa karibu kupata kisukari. Katika miezi sita ya mwanzo walipewa vipindi 16 na mshauri, kisha wakaendelea kufuatiliwa. Lengo lilikuwa kupunguza asilimia 7 tu ya uzito. Kwa mama wa kilo 90, ni kilo sita na kidogo. Kisukari kilipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Nilipungua vizuri, sasa mzani umegoma.

Ni kawaida. Mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko zamani, na njaa huzidi. Bakuli la mtori lililokupunguza mwanzoni sasa linakuacha palepale. Wengi hukata tamaa hapa na kuacha kuja.

Natumia dawa za presha na sukari. Nihudhurie kliniki za magonjwa hayo tu?

Wewe ndiye usiyepaswa kukosa. Kilo zikishuka, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa mno. Presha ikishuka mno, ukisimama unapata kizunguzungu. Au sukari inashuka: unatetemeka, jasho linakutoka na njaa inakubana ghafla. Dalili hizi za sukari kushuka zikitokea, kunywa soda yenye sukari (mara hii nakuruhusu), kisha nenda kituo cha afya. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Na mweleze daktari wa presha kwamba unapungua. Asidhani ni dawa peke yake inayofanya kazi.

Desemba ndugu wote wanapanda kutoka Dar: ndizi nyama, mbege, kitimoto. Nikija Januari nimenenepa, si nitagombezwa?

Usigombezwe. Mhudumu anayetangaza kilo zako mbele ya foleni amekosea, nawe una haki ya kuomba upimwe faraghani. Mimi huandika tarehe ya Januari kwenye kadi kabla ya Krismasi, kwa sababu anayeongezeka kilo mbili akaja mapema huzishusha kwa urahisi kuliko anayejificha hadi Pasaka.

Naweza kujipima nyumbani?

Ndiyo: mzani uleule, asubuhi, kabla ya chai. Pima na kiuno.

Nitahudhuria mpaka lini?

Kila mwezi kwa miezi sita ya mwanzo. Uzito ukitulia, kila miezi miwili au mitatu, na mwaka wa pili usiuruke. Ukianza kuongezeka, usingoje tarehe.