Bonde la Maarib na Watu wa Saba

Fahamu, ewe ndugu msomaji, ya kuwa nchi ya Saba katika Yaman ilikuwa ukingoni mwa jangwa, wala haikuwa na mto upitao mwaka mzima. Mvua za milimani ziliteremka kwa nguvu katika bonde la Dhana, kisha bonde likakauka.

Hapo Maarib, bonde lipitapo baina ya milima miwili, watu walijenga sadd, yaani ukuta wa kuzuia maji, urefu wake kadiri ya mita 600. Mifereji ikanywesha mashamba ya pande zote mbili, na mji ukatajirika kwa misafara ya ubani.

Lakini kila gharika ilileta tope, mashamba yakainuka, ikalazimu ukuta nao uinuliwe. Ulipobomoka, Abraha aliutengeneza kadiri ya mwaka 548 Miladi. Mwishoni mwa karne hiyo ulivunjika, usijengwe tena.

Habari ya gharika ya Arim imo katika Sura ya 34: walipewa neema, wakageuka. Basi na izingatiwe: maji ni amana, na shukrani yake si ya ulimi tu, bali na ya mkono uliangaliao lililojengwa na waliotangulia. Wallahu aalam.