"Tumeibiwa na Nani?": Kauli za Kitenzi katika Ubishi wa Mashabiki wa Kandanda

Utangulizi

Jumamosi jioni, baridi ya Mau inapoanza kuuma na malori ya viazi yakiwa yamekwisha kuteremka kuelekea Njoro na Nakuru, vijana wa Mau Narok hujaa katika kumbi za kutazamia mpira. Mchezo huchukua dakika 90. Ubishi huweza kuchukua juma zima. Mada hazibadiliki sana: refa alipendelea, kipa hafai, kocha afukuzwe. Wengi wetu tunaosoma Kiswahili huupita ubishi huu tukiuona kuwa kelele tu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba shabiki hugawa sifa na lawama kwa kuchagua kauli ya kitenzi, na kwamba mazoea hayo yana uzito hata nje ya uwanja. Mifano inayotumiwa ni ya semi ambazo mwandishi amezisikia mara nyingi katika kumbi hizo.

Kauli ya ushindi na kauli ya kushindwa

Timu inaposhinda, shabiki hutumia kauli ya kutenda na kujihesabu miongoni mwa watenda: "Tumewafunga", "Tumewapiga tatu". Hakugusa mpira, lakini kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi kimemwingiza uwanjani. Timu ikishindwa, watenda hao hao hugeuka kuwa watendwa na watendewa: "Tumenyimwa penalti", "Tumeonewa", "Tumeibiwa". Wahenga walikwisha kuiona tabia hii waliposema kuwa mwamba ngozi huvutia kwake.

Kitenzi "tumeibiwa" kinastahili kuchunguzwa zaidi. Kutokana na "iba" tunapata "ibia", kisha "ibiwa". Mtu haibiwi asichokuwa nacho. Kwa hiyo anayesema "tumeibiwa" hatoi tu habari kwamba refa alikosea; anadai kwamba ushindi ulikuwa tayari mali yake. Neno lenyewe limekwisha kuamua kesi kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Hali kadhalika, lawama inapoelekezwa ndani ya timu, huja kauli ya kutendesha: "Kipa ametufungisha." Hapa kundi zima hutakaswa na mtu mmoja akabebeshwa mzigo wa wachezaji 11.

Mtenda anapofichwa

Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda atajwe kwa kiunganishi "na": "Tumenyimwa penalti na refa." Hata hivyo, mara nyingi shabiki huikata sentensi kabla ya kufika hapo. Kauli ya kutendeka huficha zaidi. Katika "Mchezo uliharibika", hakuna nafasi ya kisarufi ya kumtaja aliyeuharibu. Msikilizaji hubaki na hasira isiyo na anwani, na hasira ya namna hiyo humwangukia yeyote aliye karibu. Mwezi Machi 2012, katika uwanja wa Nyayo jijini Nairobi, mchezaji wa Gor Mahia alionyeshwa kadi nyekundu katika mechi dhidi ya AFC Leopards. Ghasia zilizuka na viti vya uwanja vikang'olewa. Viti havikuwa vimempendelea mtu yeyote.

Kosa la neno

Wengine watasema kuwa teknolojia ya video, VAR, iliyoingizwa katika sheria za mchezo mwaka 2018, imekuja kumaliza ubishi. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwamba sivyo. Tarehe 30 Septemba 2023, Tottenham ilipambana na Liverpool jijini London. Luis Díaz wa Liverpool alifunga bao, mshika kibendera akaashiria kwamba alikuwa ameotea. Mwamuzi wa video alitazama picha na kuona kwamba hakuotea. Hata hivyo, alidhani kuwa uamuzi wa uwanjani ulikuwa kulikubali bao, hivyo akatangaza tu kwamba ukaguzi umekamilika. Waliokuwa uwanjani walimwelewa kuwa anathibitisha kuotea, na mchezo ukaendelea. Baadaye chombo kinachosimamia waamuzi kilikiri kosa na kutoa sauti za mazungumzo hayo.

Mashine haikukosea. Kilichokosekana ni sentensi kamili. Lau mwamuzi yule angesema "Hakuotea, bao likubaliwe", pasingetokea utata. Aidha, Liverpool ilifungwa 2-1 kwa bao la dakika za nyongeza ambalo mlinzi wake, Joel Matip, alijifunga. Shabiki wa Liverpool alikuwa na haki ya kulalamikia bao lililokataliwa. Lakini masimulizi ya haki sharti yabebe vitenzi vyote viwili: "tulinyimwa" na "tulijifunga". Anayetaja kimoja na kunyamazia kingine amesema nusu ya kweli.

Nje ya uwanja

Kwa nini tujishughulishe na haya? Kwa sababu msamiati wa kandanda haubaki kandandani. Nchini Kenya, tume ya uchaguzi hufananishwa na refa, na neno "tumeibiwa" husikika baada ya kura kama linavyosikika baada ya mechi. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,000, na eneo la Nakuru ni miongoni mwa yale yaliyoumia sana. Makala haya hayadai kwamba lugha ndiyo iliyoua, wala kwamba kila lalamiko ni la uongo. Kuna wanaoibiwa kweli. Yanadai tu kwamba lalamiko la kweli huweza kujibu maswali haya: na nani, nini, lini, na kwa ushahidi gani? Lalamiko lisilojibu huchochea bila kurekebisha.

Hitimisho

Walimu wetu hufundisha minyambuliko kwa vitenzi vya "pika" na "lima", na wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani. Tunapendekeza darasa lichukue pia ubishi wa Jumamosi: wanafunzi waziandike semi za mashabiki, wamtafute mtenda aliyefichwa, kisha waiandike upya kila sentensi kwa kumtaja. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na anayekataa kukubali dhuluma naye ana haki yake. Anayejua kauli za kitenzi ataweza kuwatofautisha wawili hao.