SOMO KWA MAMENEJA WA VYAMA VYA MSINGI: KARANI ASIYEOGOPA KUSEMA

Watumishi wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho ni wachache: meneja, karani wa mizani, mwandishi wa stakabadhi, mtunza ghala, mlinzi, na vibarua wa kupakia. Msimu ufunguliwapo, wachache hao hupokea kwa muda mfupi mazao ambayo wakulima wameyahangaikia mwaka mzima. Wakiwa hawaaminiani, hakuna daftari litakaloziba pengo hilo.

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mizani ya chama imepata hitilafu na inaonyesha kilo moja zaidi kwa kila gunia. Mkulima ameandikiwa kilo 80, kumbe guniani mna kilo 79. Chama kikipokea magunia 50 kwa siku, upungufu wa siku ya kwanza ni kilo 50. Karani akiitambua hitilafu jioni ile ile na kuitaja, fundi wa mizani huitwa na hasara hukomea hapo. Akinyamaza kwa siku 20 za kupokea mazao, upungufu hufika kilo 1,000, yaani tani nzima, na stakabadhi za wakulima zimekwisha kuandikwa. Mzigo huo huwaangukia wanachama wenyewe.

Kwa nini karani anyamaze? Si lazima awe mwizi. Huenda alimwona mwenzake aliyetaja upungufu msimu uliopita akifokewa mbele ya wakulima na kukatwa mshahara kabla ya uchunguzi. Tena katika biashara ya korosho kimya kina mahali pa kujificha. Korosho hupungua uzito kadiri zinavyokauka, na unyaufu ni jambo la kweli. Lakini neno hilo hilo limekuwa shuka pana ambalo upungufu wa kila namna waweza kufunikwa nalo.

Tabia hii ya kuficha imechunguzwa pia mahali pasipo na mizani wala magunia. Mwaka 1996 Amy Edmondson, wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alichapisha uchunguzi juu ya makosa ya kuwapa wagonjwa dawa katika hospitali mbili. Alitazamia kwamba wauguzi wanaoongozwa vizuri na wanaosikilizana wangeonekana kuwa na makosa machache. Hesabu zikatoka kinyume: wodi zilizokuwa na uongozi mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi yaliyojulikana. Maelezo aliyoyatoa ni kwamba wauguzi wa wodi hizo waliweza kuyasema makosa waziwazi, na wenzao waliokuwa na hofu waliyaficha. Meneja anayejivunia kwamba ofisini mwake hakuna anayeripoti kosa lolote hana budi kujiuliza furaha hiyo ina msingi gani.

Basi kazi ya kwanza ya meneja ni namna anavyoipokea habari mbaya. Karani akija kusema hesabu hailingani, swali la kwanza liwe juu ya kazi: gunia lipi, saa ngapi, mizani ilipimwa lini. Swali la nani wa kulaumiwa laweza kungoja hadi hesabu ijulikane. Hii haina maana kwamba wizi usamehewe. Aliyekosea akasema na aliyeiba akaficha ni watu wawili tofauti, na chama kinachowapa adhabu moja kinawafundisha wote kuficha. Robo saa ya kila jioni, kabla ghala halijafungwa, yatosha kwa watumishi wote kulinganisha daftari la mizani, stakabadhi na idadi ya magunia. Meneja naye aanze kwa kutaja kosa lake mwenyewe la siku hiyo, kama lipo; na mara nyingi lipo.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Mjumbe wa halmashauri huleta korosho ambazo hazijakauka na kutaka zipokelewe kama za daraja la kwanza. Karani ni kijana wa kijiji hicho hicho. Pengine mjumbe huyo ni mjomba wake. Akiachwa peke yake mizanini atazipokea, na unyaufu wake utakuja kudaiwa kwake. Hapo meneja hupaswa kutoka ofisini, kusimama kando ya karani, na kusema kwa heshima, “Mzee, korosho hizi zirudi juani.” Watumishi wengine watamtazama, na kwa tendo hilo moja watajua kama neno la meneja juu ya kushirikiana ni la kweli.

Kwa mjadala wa kikundi cha masomo: Katika chama chenu, mtumishi wa mwisho kutaja kosa lake mwenyewe alitendewa nini? Na karani wa mizani akikataa mazao ya kiongozi, ni nani anayesimama naye?