Je, Sufuria ya Umeme Yafaa Nyumbani?

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Nilikumbuka methali hiyo likizo iliyopita, mjomba wangu akaaye London alipotuletea habari kwamba ataka kununua sufuria tatu za umeme za kupikia wali: moja yetu hapa Mombasa, moja ya mama mdogo aliyeko Kismayu, na moja ya jamaa zetu wa kisiwa cha Chula. Bibi, aliyezaliwa Chula na kuhamia huku kwa sababu ya vita mwaka 1992, akanigeukia akasema, "Wewe mwana wa skuli, tupe shauri kabla fedha za watu hazijapotea." Basi nilifanya uchunguzi, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, tutazame jinsi ifanyavyo kazi. Sufuria ya namna hii, ijizimayo yenyewe, ilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba ya Japani Desemba 1955. Aliyeitengeneza ni Yoshitada Minami, na mkewe Fumiko ndiye aliyepika na kupima mara nyingi mpaka ikafaa. Siri yake ni jambo tulisomalo darasani: maji yakichemka, joto lake husimama kwenye digrii 100, hata moto ukizidi. Mchele ukiisha kunywa maji yote, joto la chini ya chungu hupanda kupita hapo. Sufuria nyingi za siku hizi zina sumaku ambayo wakati huo hupoteza nguvu zake. Springi husukuma, na umeme hukatika.

Pili, je, yaweza kupika wali wetu wa nazi? Tuliazima ya jirani tukajaribu. Mara ya kwanza tulitia mchele na tui lote pamoja. Tui zito likashika chini, sufuria ikadhani wali umeiva, ikajizima, nasi tukala wali wenye kiini. Mara ya pili Bibi akashika usukani. Alianza na tui jepesi na chumvi, kisha maji yalipokaribia kukauka akatia tui zito, akakoroga kidogo na kufunika. Ndivyo apikavyo siku zote, ila hapa hakuna kupalia makaa juu ya kifuniko. Wali ukaiva vizuri. Bibi alionja akasema, "Umeiva, lakini ukoko wake mwembamba kama karatasi." Wadogo zangu, ambao hugombania ukoko kila siku, walikubaliana naye.

Tatu, gharama. Sufuria ya wati 700 ikifanya kazi nusu saa hula uniti 0.35 za umeme. Msomaji aweza kuzidisha hesabu hiyo kwa bei ya uniti kwao, kisha alinganishe na bei ya mkaa wa chakula kimoja. Lakini asisahau kwamba makaa yaliyoivisha wali huchoma samaki na kuchemsha chai pia. Kama jiko litawashwa kwa ajili ya mchuzi vilevile, faida ya fedha ni ndogo.

Mkaa nao una gharama isiyoonekana sokoni. Bandari ya Kismayu ilijulikana sana kwa kupeleka mkaa wa migunga nchi za Ghuba, na fedha zake ziliwalisha wapiganaji, hata Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku biashara hiyo Februari 2012. Mti uliokatwa haurudi kwa mvua moja. Tena, mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Nne, mahali. Mombasa umeme upo, na sufuria ya London hutumia nguvu ya umeme na plagi kama zetu. Huko Kismayu umeme huuzwa na makampuni ya watu binafsi, na bei yake ni ya juu. Mama mdogo aulize kwanza. Ama Chula, nyumba yenye kibao cha jua cha wati 100 huwasha taa na kujaza simu, lakini haiwezi kuvuta wati 700. Huko sufuria itakuwa chombo cha kuwekea vijiko. Heri wapelekewe jiko lenye udongo ndani, lisilokula mkaa mwingi.

Tano, na hili ndilo lililonigusa zaidi. Katika hesabu zangu zote nilisahau kumwuliza dada yangu, ambaye yuko kidato cha tatu na ndiye apikaye wali kila jioni. Nilipomwuliza alijibu, "Kaka, wewe wahesabu uniti. Mimi nahesabu nusu saa ya kupepea moto, na wewe umekaa na kitabu." Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo shauri nililompa Bibi ni hili: moja ije kwetu, ya Kismayu ingoje habari za bei, na fedha za Chula zinunue jiko. Bibi alikubali, kwa sharti kwamba siku ya Ijumaa wali upikwe kwa makaa, na mimi ndiye nipepee.